Miwani Baridi ya Mzee Zakaria

Tulimzika Kemilembe siku ya Jumanne, huko Ndama, na mvua ikawa na adabu: ilingoja mpaka udongo uliposawazishwa ndipo ikanyesha. Jioni wanawake tuliketi kwenye nyasi zilizotandazwa ndani, tukala ndizi na maharage kwa majani ya mgomba, maana sahani zote zilikuwa zimepelekwa kwa wanaume, kama kawaida yao, hata msibani. Mjukuu wake mmoja, msichana anayesoma Bukoba, alinisogelea na picha ya zamani ya wanawake wa kanisa, akaniuliza kwa nini kati ya wote wale bibi yake peke yake ndiye aliyevaa miwani, tena yenye fremu ya dhahabu. "Alikuwa anaringa?" akasema. Nilicheka peke yangu, kisha nikalia, kwa sababu nilipotazama huku na huku niliona hakuna aliyebaki wa kucheka nami. Kuringa! Mtoto hakujua kwamba neno hilo ndilo lililomtesa bibi yake kiangazi kimoja tulipokuwa wasichana, na kwamba mimi nilikuwa na hatia kubwa katika mateso hayo. Nilimwambia nitamweleza siku nyingine. Siku nyingine katika umri wangu ni ahadi ya kijinga, kwa hiyo naandika.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado akitutawala na kahawa ikiwa ndiyo mazungumzo ya kila mwanamume. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimepewa kazi ya kuosha vyombo na kukunja bandeji katika zahanati ya misheni, juu ya kilima kinachotazamana na Ndama, bonde likiwa katikati. Chumba nilichopewa kilikuwa stoo ya zamani ya zahanati hiyo. Kilinuka dawa ya vidonda na kahawa inayoanikwa, kilikuwa na dirisha moja la vioo vinne vilivyogawanywa na msalaba wa mbao, na nilikigawana na Kemilembe, msichana wa Ihembe aliyekuwa mshonaji wa misheni. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye mikono ambayo sijaona mfano wake. Aliweza kutunga uzi kwenye sindano kwa mwanga wa makaa. Mke wa mchungaji alimpa maharage ayachambue, na mwaka ule wote hakuna mtu wa misheni aliyeng'ata jiwe. Akishona, kitambaa kilikuwa karibu kugusa pua yake, nami nilimtania kwamba anashona kwa kunusa. Akila aliinamia chakula vilevile. Alikuwa amechumbiwa na Stefano, mwalimu wa shule ya msingi, mwana wa Mzee Zakaria wa Ndama, na posa ilikuwa imeshapokelewa kwa rubisi, pombe yetu ya ndizi, na kahawa ya kutafuna. Stefano alipopita barabarani, Kemilembe alimtambua kwa kengele ya baiskeli kabla ya kumwona. Nilidhani ni mapenzi tu.

Sanduku la miwani lilifika na gari la misheni wakati wa mvua za masika. Wakristo wa Ulaya walikuwa wamekusanya miwani ya zamani, mingi ya watu waliokwisha kufa, leo tungeiita mitumba, wakatuletea bila karatasi wala maelezo. Mpishi alikataa hata kuigusa. Alisema hataki kuona alichokiona marehemu. Aliyekabidhiwa ni Elieza, dresa wetu, ndivyo tulivyowaita waliosomea kufunga vidonda na kutoa dawa. Alikuwa mtu wa Muleba, kijana bado, mwenye suruali yenye mkunjo hata siku ya kuchimba choo, na alipenda kufundisha kuliko alivyopenda kutibu. Akaniambia, "Adelina, leo utajifunza kuigawa hii miwani kwa dirisha lako." Tukaketi chumbani kwetu, Kemilembe akishona kitandani, na Elieza akanionyesha. Unashika kioo mbele ya jicho, mkono umenyooshwa kiasi, unautazama msalaba wa dirisha kupitia humo, kisha unakisogeza kioo polepole kushoto na kulia. Msalaba ukikimbia kinyume cha mkono wako, kioo kimevimba katikati, ni cha wazee, cha kusomea. Msalaba ukiufuata mkono, kioo kimebonyea, ni cha wasioona mbali. Usipotikisika kabisa, kioo ni bapa, hakina kazi. Tulikuta miwani mitatu ya namna hiyo ya mwisho. Mpaka leo najiuliza ni Mzungu gani aliyekuwa akivaa dirisha usoni.

Nilimwuliza kwa nini msalaba unakimbia, na nikajuta, maana chai ilipoa. Lakini alichoniambia sijakisahau. "Umewahi kuona watu wamebeba mgonjwa kwa machela, wakiingia kinamasini?" Nilikuwa nimeona, nani wa kwetu hajaona? "Wakiingia topeni uso kwa uso, wote wanapunguza mwendo pamoja, machela inakwenda moja kwa moja. Wakiingia mshazari, wa kushoto anakanyaga tope kwanza, anakwama. Wa kulia bado yuko nchi kavu, anakwenda mbio. Machela inageukia kushoto bila mtu kuamuru. Mwanga ukiingia kwenye kioo unafanya hivyohivyo. Kioo ni tope lake." Na ukitoka? "Ukingo wa pili ukiwa sambamba na wa kwanza, wa kushoto anatoka kwanza, anakimbia, machela inarudi kuelekea ilikokuwa inaelekea, ila imesogea kando kidogo. Hicho ni kioo bapa." Akachukua kipande cha kioo kinene alichokandamizia karatasi zake, akakiweka juu ya mstari wa wino, akaniambia niutazame kwa upande. Ule mstari ulikatika, sehemu iliyo chini ya kioo ikaruka pembeni, kisha ukaendelea kama hakuna kilichotokea. "Lakini kingo zikipinda," akasema, "kinamasi hakikurudishi kwenye njia yako. Kinakutoa umeelekea kwingine. Basi miwani ni ufundi wa kupinda kingo." Kemilembe, bila kuinua uso, alisema kwamba yeye angemzungusha mgonjwa kwa njia kavu. Tulicheka sana.

Tulipomaliza tulikuwa na vikapu viwili. Cha miwani ya kusomea kilijaa. Cha miwani iliyobonyea kilikuwa na jozi tatu tu: mbili hafifu, na moja kali kiasi kwamba ukiitazama Ndama kupitia humo ilikuwa kijiji cha siafu. Hiyo kali ndiyo iliyokuwa na fremu ya dhahabu.

Siku ya macho watu walitoka Ihembe, walitoka Rugu, wengine walilala njiani. Kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, Elieza aliwapima kwa sindano na kwa ungo wa maharage: ukiweza kutunga uzi na kuokota changarawe, miwani hiyo ni yako. Nilifurahi siku ile kuliko Krismasi. Vikongwe waliona kucha zao, wakazicheka. Mzee Barnaba, aliyekuwa na kidonda cha mguu tulichokifunga kila asubuhi, alipata vioo vinene vilivyovimba sana, akaketi kuhesabu nyuzi za kanzu yake. Mwisho kabisa akaja Mzee Zakaria, mzee wa kanisa, baba yake Stefano, mtu wa heshima zake. Macho yake ya mbali yalikuwa mazima. Aliweza kukwambia ng'ombe wa nani wako kilima cha tatu. Ni vitabu tu vilivyokuwa vimeanza kumkimbia. Hakungoja sindano wala ungo. Alikwenda kwenye kikapu kisicho chake, akachukua ile ya dhahabu, akaivaa.

"Tata," nilisema, maana ndivyo tunavyomwita baba, "hiyo siyo ya kusomea."

"Mtoto," akajibu, akinitazama kwa mbali sana kupitia vioo vile, "utanichagulia cha kuvaa?"

Nilimtazama Elieza. Elieza akatazama bandeji. Nikanyamaza. Wanasema penye wazee haliharibiki neno. Siku ile liliharibika mbele ya wazee watano, na mimi niliyejua ukweli nikakunja mikono. Jumapili iliyofuata Mzee Zakaria alipanda kusoma somo na dhahabu ikimetameta puani. Alisoma vizuri. Jumapili ya pili akasoma lilelile. Ya tatu, lilelile tena, na hapo nikajua kwamba anasema kwa kichwa somo pekee alilolikariri utotoni. Nje ya kanisa aliivua haraka, kwa maana, kama alivyomlalamikia mkewe, ilikuwa inaupeleka mlima mbali.

Sasa niseme jambo ambalo vijana wa leo hawalijui vizuri. Kwetu msichana akimwona mzee hakuna mjadala. Anatua mzigo, anapiga magoti kando ya njia, anasalimia, anangoja aitikiwe. Mzee haanzi. Mzee anasimama, anatambulika. Msichana anayempita mzee bila kusalimia hana la kujitetea, na akiwa ni mchumba wa mtoto wa mzee huyo, afadhali angemmwagia maji.

Kiangazi kilipoanza nilikuwa nyuma ya zahanati nikianua bandeji, na upande wa pili wa ukuta wa matete wazee walikuwa wamekaa wakitafuna kahawa. Niliisikia sauti ya Mzee Zakaria. "Mara ya kwanza ilikuwa kisimani. Nimesimama na fimbo yangu, hatua ishirini tu, akapita na mtungi wake. Nikasema, labda ana mawazo. Mara ya pili njiani. Mara ya tatu mbele ya mke wangu!"

"Pengine hakukuona, waitu," alisema Mzee Barnaba, akitumia neno letu la heshima.

"Hakuniona! Huyo anayeokota changarawe ya ukubwa wa chawa? Anayetunga uzi gizani? Huyo ashindwe kumwona mtu mzima mwenye fimbo?"

Wakaguna. Mmoja akasema ni kiburi cha misheni, wasichana wakishazoea sabuni ya Wazungu wanatuona sisi ni udongo. Mzee Zakaria akasema, taratibu, kwamba kahawa ikishavunwa atawaita watu wa Ihembe na posa itavunjwa. Nilisimama pale na bandeji mikononi mpaka zikachafuka tena.

Nilimwambia Kemilembe jioni ileile, tukila viazi na maziwa ya mgando. Aliacha kutafuna. "Mzee Zakaria alikuwa kisimani?" aliuliza. Nikasema ndiyo, hatua ishirini. "Niliona kisiki," alisema. Nilidhani ananitania. Kisha akaanza kulia, akisema amekuwa akiwaogopa watu wa njiani tangu utoto, kwamba mtu kwake ni rangi ya nguo inayosogea, na akifika karibu ndipo anakuwa na uso, na kwamba mama yake alimchapa mara nyingi kwa kutosalimia mpaka akajifunza kusalimia kila kitu kinachosogea, mbuzi wakiwamo. Aliyesimama tuli hakumjua kabisa. Alidhani sote tuko hivyo, na kwamba sisi tuna akili nzuri tu ya kubahatisha.

Nilikimbia nikaleta jozi moja kati ya zile mbili hafifu zilizobaki kikapuni. Jua lilikuwa halijazama. Alivaa, akasogea dirishani. "Adelina," alisema, "kumbe kile kilima kina njia."

"Kina njia. Ndiyo hiyo anayoshukia baba mkwe wako kila Jumamosi."

"Unamwona mtu aliyepo pale sasa?"

"Namwona. Ni mwanamke, amebeba kuni."

Alikaza macho, akatikisa kichwa. Kioo kile hafifu kilimpa njia, hakikumpa mtu. Akanigeukia kwa hasira ambayo sijawahi kuiona kwake kabla wala baada. "Hivi ninyi mnaona hivi kila siku? Mbona hamkuniambia?" Nilimpenda Kemilembe toka siku ya kwanza, lakini jioni ile nilimpenda kwa uchungu, kwa sababu nilijua kioo chake kiko wapi.

Kesho yake nilimweleza Elieza. Alinisikiliza, akanyoosha mkunjo wa suruali. "Miwani ikishatolewa imetolewa," alisema. "Mimi hapa ni mgeni, binti. Wazee wa kanisa wakinikataa, narudi Muleba, na wewe unarudi kwenu kupalilia. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi." Nikamwambia kwamba ulimi wake ulijikwaa siku ile aliponyamaza, na wangu pia. Hakukasirika. Akasema jambo lililonikata maini zaidi: "Hata tukiipata. Kwenu hapa mkamwana haketi kwenye kiti cha baba mkwe. Sasa kitu kilichokaa puani kwa baba mkwe, avae machoni?" Niliosha vyombo siku nzima kwa hasira, nikavunja chupa mbili.

Wokovu ulitoka kwenye tumbaku. Mzee Barnaba, akiwa ameketi juani akingoja kufungwa kidonda, aliweka miwani yake minene karibu na kiko, na mwanga ukajikusanya kwenye tumbaku mpaka ukawa doa dogo lisilotazamika. Moshi ukatoka. Kwa siku mbili tatu hakuna aliyefanya kazi. Wazee wote wenye miwani ya kuvimba waliwasha viko kwa jua, wengine waliunguza mikeka, na kiberiti kikadharauliwa. Mzee Zakaria naye alijaribu. Alijaribu mbele ya wenzake, toka baada ya sala mpaka jua la utosini, akiisogeza dhahabu yake juu na chini, na tumbaku ikabaki kama ilivyo. Kioo kilichobonyea hakikusanyi mwanga, kinautawanya. Kilichoonekana kwenye tumbaku kilikuwa kivuli tu, kimezungukwa na mwanga hafifu. Wenzake walikuwa na adabu ya kutocheka mpaka alipoondoka.

Asubuhi iliyofuata alikuwa mlangoni pa zahanati kabla sijawasha jiko la maji. Alikuwa amekasirika kama mtu aliyepewa mfupa mtupu kwenye harusi ya mwanawe. Alivua miwani, akaiweka mezani.

"Mlinipa miwani baridi," alisema. "Barnaba, mwenye kidonda, mmempa ya moto. Mimi, mzee wa kanisa, mmenipa baridi. Nani aliwaambia mnidharau?"

Nilimsikia Elieza akitembea chumba cha ndani, kisha akasimama. Hakutoka. Nilijua kwamba nikimbadilishia tu miwani, atakwenda zake na furaha, na hakuna atakayejua lolote, na kahawa ikishavunwa Kemilembe atarudishwa Ihembe na jina la kiburi ambalo hakuna mwanamume mwingine atakayelioa. Nilipiga magoti.

"Tata, kosa ni langu. Siku ile nilijua kwamba hiyo siyo yako, nikanyamaza. Naomba nikuonyeshe, kisha unipige."

Alinitazama, akakubali kwa kidevu. Nikampeleka dirishani kwetu; Kemilembe alikuwa amekwenda kushona. Nikamshikisha miwani ya dhahabu, akaisogeza, akaona msalaba wa dirisha ukiufuata mkono wake. Nikampa miwani ya kusomea, akaisogeza, msalaba ukakimbia upande mwingine. Akarudia mara tano, akisema "Ehe!" kila mara. Nikamvalisha ile ya kusomea na kumpa kitabu cha nyimbo, akasoma wimbo ambao sikuwahi kumsikia akiuimba, herufi moja moja, sauti ikitetemeka. Alisoma mpaka mwisho. Akataka kuivua.

"Usivue, tata. Tazama nje."

Akatazama. "Kilima kimekwenda wapi?"

"Kipo palepale."

"Ni ukungu mtupu."

Huo ulikuwa wakati wa Mzee Barnaba kuja kufungwa kidonda, na nilikuwa nikimtegemea. Alikuwa amefika chini ya ngazi za uwanja, akamwona mwenzake dirishani, akainua fimbo juu kwa salamu, kama wanavyofanya wazee walio mbali. Akangoja. Akainua tena. Mzee Zakaria alikuwa akimtazama uso kwa uso.

"Tata," nilisema, "Mzee Barnaba amekusalimia mara mbili. Hujamwitikia."

"Barnaba yuko wapi?"

"Mbele yako. Hatua ishirini."

Alinyoosha shingo. Aliona nini? Rangi ya kanzu, labda. Kisiki cheupe. Barnaba aliishusha fimbo, na hata mimi niliona jinsi alivyoumia. Aligeuka kidogo pembeni, kama mtu aliyegundua kwamba si yeye aliyekuwa anachekewa. "Simwoni!" alisema Mzee Zakaria. "Naapa simwoni!"

"Nakuamini, tata. Ndivyo Kemilembe anavyokuona wewe. Hajavaa kitu, macho yake ndivyo yalivyozaliwa. Ya karibu anayaona kuliko sisi sote. Ya mbali ni ukungu. Kioo cha kumwondolea ukungu kilikuwa kimoja tu katika sanduku zima, na mimi nilikuacha ukichukue."

Aliivua. Kwanza alitoka mlangoni, akainua fimbo yake kwa Barnaba, akaita kwa sauti kubwa salamu ndefu ya kinyumbani, na Barnaba akaitikia akicheka kwa faraja. Kisha akarudi, akaketi kwenye kitanda changu bila kukaribishwa. Niliona kwamba alikuwa akihesabu: kisimani, njiani, mbele ya mke wake.

"Iko puani kwangu miezi mitatu," alisema mwisho. "Mkamwana hawezi."

"Hawezi, tata."

Alifikiri tena. Kisha akaita, "Elieza! Najua uko hapo unasikiliza. Njoo." Elieza akatoka, ameshika bandeji, masikini. "Hii miwani ya dhahabu nani aliivaa?"

"Wewe, mzee," alisema Elieza. "Kanisa zima lilikuona."

"Kanisa zima liliona mtu anasoma?"

Elieza alisita. "Hapana, mzee. Waliona mtu anakariri."

"Basi miwani ambayo mtu haoni kwayo, haijavaliwa. Ilikuwa imekaa tu mahali, kama ilivyokaa sandukuni. Adelina, ioshe kwa dawa ile mnayooshea vyombo vya wagonjwa. Ioshe mara mbili. Mimi sijawahi kuivaa, na atakayesema nimeivaa aje aniambie mimi." Akasimama, akatia miwani yake mpya mfukoni, akaenda kukaa juani na Barnaba. Kuhusu posa hakusema neno. Niliosha ile miwani mara nne.

Jumamosi ilikuwa siku ya wazee kukutana, nami nilijua kwamba lolote litakaloamuliwa juu ya watu wa Ihembe litaamuliwa siku ile. Toka asubuhi Kemilembe alikuwa uwanjani, amevaa dhahabu, hajashona hata mshono mmoja. Alitembea akigusa vitu alivyokuwa ameshaviona kutoka mbali, kuhakikisha ni vyenyewe. Aliniita nije kuona ndege. Aliniita nije kuona moshi wa nyumba za ng'ambo. Kengele ya baiskeli ilipolia barabarani aligeuka, akamtazama Stefano akipita, akamtazama mpaka alipopotea, akasema kwa mshangao, "Kumbe ana masikio makubwa," na akatabasamu saa nzima. Mchana tulikuwa tunageuza kahawa kwenye mikeka, wanawake sita au saba, mara nikasikia ungo ukianguka. Nilipoinua uso, Kemilembe alikuwa amepiga magoti kwenye changarawe, mikono ameiunganisha, kichwa ameinamisha. Nikatazama mbele yake. Hapakuwa na mtu.

"Unamsalimia nani?" nilimwuliza.

"Baba mkwe."

Nikatazama bonde, nikatazama kilima cha pili, na kule juu kabisa, kwenye njia, palikuwa na kitu cheupe chenye fimbo, ndiyo kwanza kinatoka migombani. Wanawake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nikamwambia asimame, mzee bado yuko Ndama, ana bonde zima la kuvuka, atafika tumeshakoboa kahawa yote. "Nimemwona," alisema, bila kuinua kichwa. "Nikishamwona, nitawezaje kusimama?"

Macho ya mbali ya Mzee Zakaria, nimekwisha kusema, yalikuwa mazima. Kitu kile cheupe kilisimama. Nadhani kilitutazama, uwanja, mikeka, wanawake wanaocheka, na msichana mmoja aliyepiga magoti na mwanga ukimetameta usoni pake. Kisha Mzee Zakaria, mzee wa kanisa, mtu ambaye sikuwahi kumwona akiharakisha hata kwa mvua, alitia fimbo kwapani, akashika kanzu kwa mikono miwili, akaanza kukimbia. Wanawake waliacha kucheka. Alipotea bondeni, tukangoja. Kemilembe hakusogea. Alipotokea upande wetu alikuwa amelowa jasho, kiatu kimoja mkononi, na ilimbidi ashike nguzo ya uwanja kabla ya kupata pumzi.

"Shikamoo, tata," alisema Kemilembe.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Simama. Hayo magoti yasije yakaisha kabla hujafika nyumbani kwetu."